JIKO LA MJOMBA NA KIWANDA CHA MGENI

Msomaji mpenzi, kabla hujaendelea kusoma makala hii, hebu nenda jikoni kwenu ulitazame jiko la makaa. Kama kwenu mnapikia gesi, muulize jirani. Yamkini utakuta kitu chenye kiuno cha nyigu, yaani juu pana, katikati pembamba, chini pana tena. Nje ni bati, ndani ni bakuli la udongo uliochomwa, lenye matundu ya kuangushia jivu. Chini kuna kimlango cha kuingizia hewa, pembeni mishikio miwili, na juu vyuma vitatu vya kuikalisha sufuria. Huenda umelipepea jiko hilo tangu utotoni, macho yakikutoka machozi, bila kujiuliza limetoka wapi. Mimi nimejiuliza, kwa sababu jiko hilo ndilo linalonilipia chakula cha mchana shuleni tangu nilipoingia kidato cha kwanza. Ni kweli kwamba serikali ilianza kugharimia masomo ya shule za kutwa mwaka 2008, lakini ugali na sukumawiki za saa saba hazimo katika hesabu hiyo, wala sare, wala viatu.

Mjomba wangu ni fundi wa majiko pale Kamukunji, Nairobi, si mbali na soko la Gikomba. Wewe usiyepajua, siku ukienda ziba masikio. Nyundo mia kadhaa zinagonga bati kwa pamoja, kila moja na wimbo wake, na mtu akitaka kuzungumza nawe ni lazima akukaribie kama anayekuibia siri. Hapo ndipo masanduku yetu ya shule yanapotoka, na karai, na toroli, na sufuria kubwa kubwa za harusi na matanga. Bati lenyewe aghalabu ni la mapipa ya mafuta yaliyokwisha kazi, yaliyopasuliwa kwa tindo na kugongwa hadi yakanyooka kama karatasi. Mimi huenda huko Jumamosi na wakati wa likizo. Kazi yangu ni kupaka rangi na kuweka hesabu, na siku mjomba akiwa na furaha huniachia nipatane bei na wateja. Anasema sura yangu ya unyenyekevu huwafanya waone haya kuomba wapunguziwe.

Watu hawa huitwa jua kali kwa sababu walianza kazi bila paa juu ya vichwa vyao. Kwa miaka mingi walionekana kama watu wa kufukuzwa tu. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliandika ripoti juu ya Kenya, wakasema waziwazi kwamba hawa si wazururaji bali ni wafanyakazi wanaozalisha mali. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji, akawaona mafundi wakiunguzwa na jua, akaahidi wajengewe vibanda. Mzee aliyemfunza mjomba kazi alikuwepo siku hiyo, na hadithi yake kuhusu alivyosimama karibu na Rais huongezeka urefu kila mwaka. Mwaka 1992 serikali ikatoa waraka rasmi kuhusu biashara ndogo ndogo na maendeleo ya jua kali. Leo, kwa hesabu za shirika la takwimu la taifa, zaidi ya wafanyakazi 8 katika kila 10 nchini, ukiwatoa wakulima wadogo na wafugaji, wako katika sekta hii isiyo rasmi. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema jua kali ni kando ya uchumi, muulize katikati ni wapi.

Turudi kwenye jiko. Zamani jiko la mjini lilikuwa la bati tupu, na joto lilipotea ubavuni kama maji kwenye pakacha. Miaka ya mwanzo ya 1980 makaa na kuni zilianza kutia watu wasiwasi. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa hapa Nairobi kuhusu nishati mpya, na wakati huo huo ulikuwako mradi wa Wizara ya Nishati uliosaidiwa kwa pesa za Marekani. Wakenya kadhaa walikuwa wameliona jiko la ndoo la Thailand, ambalo ni ndoo ya bati yenye udongo ndani. Wakalitwaa wazo hilo, lakini hawakuliiga vivi hivi. Walilijaribu, likavunjika, wakabadilisha udongo, wakabadilisha umbo, wakalipa kile kiuno cha nyigu ili lisimame imara hata mama akisonga ugali kwa nguvu. Mafundi wa jua kali waliitwa wakafundishwa, na wao nao wakawafundisha waliowafundisha. Jiko hilo hupunguza makaa kwa kiasi cha asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na lile la bati tupu. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limeingia zaidi ya nusu ya nyumba za mijini nchini, kisha likavuka mipaka likaenda Uganda, Rwanda, Ethiopia na kwingineko.

Jambo la ajabu ni kwamba hakuna aliyelifungia. Hakukuwa na mtu mmoja aliyesema, "Hili ni langu, nilipeni." Kila fundi aliyekuwa na nyundo, mkasi wa bati na rafiki mfinyanzi aliweza kulitengeneza. Hapo mwanzo lilikuwa ghali, lakini mafundi walipozidi kuwa wengi bei ikashuka hadi mtu wa kawaida akaliweza. Kulikuwa na majiko mabovu pia, nisidanganye. Mengine udongo wake ulipasuka kabla mwezi haujaisha. Lakini kazi ilienea, na familia kama ya mjomba zikapata ugali. Tafadhali kumbuka jambo hili la kutofungiwa, kwa sababu litatusumbua mbele.

Sasa niingie kwenye kiini cha mambo. Miaka michache iliyopita kulifunguliwa, nje ya jiji, kiwanda cha majiko cha mwekezaji kutoka ng'ambo. Sitakitaja jina, maana gazeti letu si mahali pa kutangazia biashara za watu. Majiko yake yanakatwa na mashine, yana kuta mbili, na katikati pamewekwa kitu cha kuzuia joto lisitoroke. Yanang'aa kama sahani ya mgeni. Bei yake moja ungenunua sita za mjomba, lakini mteja halipi zote kwa siku moja. Analipa kidogo kidogo kwa simu mpaka deni liishe.

Mama yangu huuza chapati na maharagwe mlangoni petu. Kwake makaa si siasa, ni hesabu. Aliazima jiko la jirani kwa wiki nzima akahesabu mikebe ya makaa. Kwa jiko la mjomba alikuwa akimaliza mikebe minne kwa siku. Kwa lile la kiwanda, mikebe miwili na nusu. Hakumwuliza mtu. Alinunua.

Jumapili iliyofuata mjomba akaja kutuamkua. Mimi nilikuwa nimekwisha kuliona balaa, nikajaribu kulifunika jiko kwa karai, lakini wapi! Kitu kinachong'aa hakifichiki. Mjomba alisimama pale mlangoni kimya, kofia mkononi.

"Dada, hata wewe?"

"Ndugu yangu, karibu chai."

"Nimeuliza, hata wewe?"

Mama hakuacha kusukuma chapati. "Undugu hauivishi maharagwe," akamwambia. "Wewe nitengenezee linalokula makaa kidogo kama hili, nitarudi kwako mbio."

Mjomba alichuchumaa, akalipindua lile jiko juu chini, akaligonga kwa ukucha, akalitegea sikio, akalipapasa kama daktari anayetafuta mahali panapouma. Alipoondoka chai ilikuwa nusu kikombe, na mjomba si mtu wa kuacha chai.

Kama mambo yangeishia hapo pangekuwa na nafuu. Lakini mwezi uliofuata binamu yangu, mwanawe mjomba wa kwanza, ambaye alikuwa amefanya kazi kibandani miaka mitatu tangu amalize kidato cha nne, alipata kazi katika kiwanda kile kile. Mjomba aliposikia alisema neno moja tu refu: "Umekwenda kumjengea mtu anayenibomolea." Binamu naye hakunyamaza. Alimwonyesha baba yake mkono wa kushoto, wa baba mwenyewe, ambao kidole chake cha kati hakina ncha kwa sababu ya mkasi wa bati. "Baba, huko mimi nikikatwa kidole nitapelekwa hospitali. Hapa tutachangisha." Huko kiwandani anapewa glavu, hati ya mshahara kila mwisho wa mwezi, na anakatwa za NSSF na za bima ya afya. Miezi miwili hawakusemezana. Ujumbe ulipitia kwangu, mithili ya balozi wa nchi mbili zilizovunja uhusiano. "Mwambie baba nimetuma pesa za dawa za shosho." "Mwambie huyo nimeziona."

Mimi sikuweza kumchukia binamu, na pia sikuweza kumchukia mama. Kwa kweli hata kiwanda chenyewe nilishindwa kukichukia, ingawa nilijaribu. Kinatoa kazi, jiko lake halidanganyi, na moshi umepungua nyumbani. Lakini vilevile nilikuwa nikihesabu daftari la mjomba kila Jumamosi, na niliona namba zikiteremka. Majiko 30 kwa wiki yakawa 22, kisha 15. Siku ya 15 mjomba aliniuliza kwa sauti ya chini kama chakula cha shuleni kinaweza kulipwa mara mbili badala ya mara moja.

Basi ikasadifu kwamba katika muhula huo Chama chetu cha Kiswahili kikabandika mada ya mjadala: "Nchi changa huendelezwa na wawekezaji wa kigeni kuliko wavumbuzi wa nyumbani." Mwalimu mlezi akagawa wasemaji. Nikaangukia upande wa upinzani. Wenzangu walidhani nitapiga makofi, kumbe tumbo lilikuwa likinisokota. Ni rahisi kupinga kitu usichokijua.

Waungaji mkono walianza na ile methali ya mgeni njoo mwenyeji apone, ukumbi ukashangilia. Msemaji wao wa pili, kijana wa kidato cha nne mwenye sauti ya redio, akauliza, "Ni nani hapa ambaye kwao hakuna M-Pesa?" Hakuna mkono ulioinuka. Akasema kwamba M-Pesa tunayojivunia kama yetu ilibuniwa ndani ya Vodafone ya Uingereza, ikasaidiwa na pesa za serikali ya Uingereza zipatazo pauni milioni moja, ikajaribiwa hapa mwaka 2005, na kuzinduliwa na Safaricom mwezi wa Machi 2007. Tena Safaricom yenyewe, hisa zake zilipouzwa kwa umma mwaka 2008, Vodafone ilibaki na asilimia 40 na serikali yetu asilimia 35. "Bila mgeni," akamalizia, "bado mngekuwa mnatuma pesa kwa dereva wa basi, na dereva angekuwa anazila." Kicheko!

Alisema kweli, na mimi sikumbishia ukweli wake. Nilisimama nikaongezea alichoacha. Kabla ya M-Pesa kuzaliwa, Wakenya walikuwa tayari wakitumiana pesa kwa njia yao. Ukiwa Nairobi unanunua kadi ya muda wa maongezi, unamtumia mama kijijini, naye anamwuzia mwenye duka. Hakuna mhandisi aliyewafundisha. Na ule mradi wa 2005 ulikuwa umekusudiwa watu walipe mikopo midogo midogo. Waliopewa simu za majaribio ndio waliogeuza mambo, wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao na kulipana. Mgeni alikuwa na akili ya kuangalia wenyeji wanafanya nini, akaacha mpango wake wa kwanza. Kwa hiyo nani alibuni? Nikaketi. Makofi yalikuwa ya kiasi.

Kijana yule akarudi kwa ukali. "Basi nitajie gari moja la Mkenya!" Akafikiri amenimaliza. Lakini siku mbili kabla nilikuwa nimepekua magazeti ya zamani maktabani. Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Wahandisi wetu wakafanya kazi, na mwaka 1990 gari la Nyayo Pioneer likazinduliwa Kasarani. Yaliundwa magari matano ya majaribio, na yaliweza kukimbia kilomita 120 kwa saa. Halafu? Halafu pesa zikakosekana, kiwanda cha kuyatoa kwa wingi hakikuwahi kutoa hata gari moja la kuuza, na ndoto ikalala. Wenzangu wa upinzani walinikazia macho kana kwamba nimewasaliti kwa kuitaja habari hiyo ya kushindwa.

Hapo ndipo nilipoleta Korea Kusini. Kampuni ya Hyundai Motor ilianzishwa mwaka 1967, na mwaka uliofuata ilikuwa ikiunganisha tu magari ya Ford, vipande vikiletwa kutoka ng'ambo, kama vile sisi tunavyounganisha malori hapa. Lakini haikutosheka. Ilimwendea Mwitaliano Giorgetto Giugiaro amchoree umbo, ikachukua ufundi wa injini kutoka Mitsubishi ya Japani, ikamwajiri Mwingereza aliyejua kuendesha viwanda vya magari, na mwaka 1975 ikatoa gari lake lenyewe, Pony. Mwaka wa pili ikaanza kuliuza nje, Ekwado. Umbo la Mwitaliano, injini ya Mjapani, bosi Mwingereza, ila kampuni ya Mkorea, na waliobaki na ujuzi wageni walipopanda ndege ni Wakorea. Sisi gari la Nyayo tulilitaka liwe letu tupu, kisha tukaliacha bila pesa na bila mnunuzi. Kwa maoni yangu, tofauti iko hapo. Ardhi ambako wazo limeota haina neno sana. Jiko la mjomba lilitoka Thailand! Neno ni nani anabaki akijua kulitengeneza, na faida inalala wapi usiku.

Mwenzangu wa upande wetu alimalizia na habari za sheria. Kenya ina sheria ya mwaka 1964 ya kuwalinda wawekezaji wa kigeni, inayowaruhusu kurudisha kwao faida yao. Ina sheria ya 1990 iliyoanzisha maeneo maalum ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, kama lile la Athi River, ambapo mwekezaji husamehewa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10 ya kwanza. "Mjomba wa huyu," akasema akinielekezea kidole (sikumtuma!), "hulipia kibanda kila siku, jua liwe, mvua iwe, na hakuna aliyemsamehe hata wiki." Halafu akatupa ile ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na ukumbi ukavurugika kabisa. Kura zilipigwa. Tulishindwa, 52 kwa 47. Nadhani sauti ya redio ilichangia.

Niliporudi Kamukunji Jumamosi hiyo nilikuta mambo mapya. Tangu siku ile ya chai nusu kikombe mjomba alikuwa akichelewa kufunga kibanda, na shangazi alianza kushuku ulevi. La hasha. Alikuwa akiunda mashine. Alichukua jeki ya lori iliyokufa, akaifufua, akaipachika kwenye fremu ya vyuma vya skrapu, akaitilia kalibu ya chuma cha ekseli. Ukiweka kipande cha bati na kuvuta mkono wa jeki, bati linakunjwa ukingo na kutobolewa matundu ya riveti kwa mara moja. Jiko lililokuwa likimchukua dakika 40 sasa linamchukua 15. Mimi mwenyewe nilishika saa. Mjomba hakusema kitu, lakini alikuwa akipiga mluzi.

Mluzi ulidumu wiki tatu. Kufikia wiki ya nne vibanda vinne jirani vilikuwa na mashine kama hiyo hiyo, na kimoja kilikuwa kimeipaka rangi ya samawati kikadai ni ya kwao tangu zamani. Mjomba alikasirika hadi mishipa ikamtoka shingoni. Akawaita wezi. Yule mzee aliyemfunza kazi alikuwa ameketi juu ya pipa akila muhogo. Akamwacha amalize, kisha akamwuliza kwa upole:

"Na umbo la hili jiko, wewe ulimlipa nani?"

Mjomba alifungua kinywa, akakifunga. Hata mimi nimelifikiria swali hilo usiku mwingi na sijalipatia jawabu. Kama jiko lingekuwa limefungiwa na mtu mmoja tangu miaka ya 1980, mjomba asingekuwa fundi wa majiko. Lakini kama kila anachobuni kinachukuliwa baada ya wiki tatu, atapata wapi pesa za kubuni kingine? Kiwanda kile kina chumba kizima cha watu wanaolipwa kufikiri. Mjomba hufikiri baada ya saa kumi na mbili, kwa taa ya kuazima.

Mwalimu wetu wa somo la biashara ndiye aliyeniambia habari za KIPI, ile taasisi ya serikali inayosajili uvumbuzi, iliyo South C. Kwa sheria ya mwaka 2001, hataza humlinda mvumbuzi kwa miaka 20, na kuna cheti cha uvumbuzi mdogo, ambacho masharti yake ni mepesi zaidi, cha miaka 10. Nilimshawishi mjomba twende. Alivaa suti ya harusi. Fomu ni za Kiingereza, kwa hiyo mimi nilisoma na kufasiri, mjomba akajibu, mimi nikafasiri tena. Afisa aliyetupokea alikuwa mpole na alitueleza bila haraka. Kitu ni lazima kiwe kipya. Akauliza, "Mzee, kwenye mashine yako, ni sehemu gani ambayo haiko kwa wengine?" Mjomba akafikiria vibanda vinne, kimoja cha samawati, akanyamaza.

Ila kuna sehemu moja. Miezi ile miwili ya kununiana ilipokwisha (aliyeimaliza ni shosho, alipougua akakataa kumeza dawa mpaka waingie chumbani wote wawili), binamu alianza kuja kibandani Jumapili. Aliitazama mashine ya jeki, akapima jiko moja, la pili, la tatu, akakuta kila moja lina kipimo chake. "Baba, bakuli la udongo haligusi bati sawasawa. Huo mwanya ndio unaokula makaa ya shangazi." Shangazi anayemtaja ni mama yangu. Akaongeza kwenye ile mashine kizuizi chenye skrubu ambacho hufanya kila bati likunjwe kwa kipimo kile kile, na mfinyanzi akapewa kigezo cha bati apimie mabakuli yake. Majiko kumi ya kwanza yametoka sawa kama mapacha. Mama amelijaribu moja. Mikebe mitatu kwa siku. Bado halijalifikia la kiwanda, lakini bei ni ile ya zamani, na hicho kizuizi hakimo katika kibanda kingine chochote. Mjomba hukifungua na kukitia mfukoni kila jioni.

Sasa swali ni la nani. Kimeundwa kwa vyuma vya mjomba, kwa mkono wa binamu. Na binamu alipoajiriwa alitia sahihi mkataba wenye kifungu kinachomkataza kutoa siri za kiwanda. Yeye anasema kupima si siri, hata fundi cherehani hupima. Mjomba anaogopa. Anasema wenye kiwanda wana mawakili na yeye ana nyundo. Mwalimu wa biashara anasema hakuna la kubahatisha, tuusome mkataba wenyewe neno kwa neno kabla ya kupeleka chochote South C.

Mkataba una kurasa tatu, zote za Kiingereza. Binamu ataniletea Jumapili. Fomu ya KIPI iko kwenye begi langu, ndani ya kitabu cha Hesabu ili isikunjike. Nimeijaza yote kwa kalamu ya risasi isipokuwa mstari ulioandikwa jina la mvumbuzi, ambao mjomba ameniagiza niuache kwanza.